NANI ALIINUA MKONO BOILA IENDELEE KUWAKA?

Nilimkamata Mwenyekiti wa Baraza la Chuo kwenye tai, mbele ya wajumbe wake wote, nikaivuta mpaka macho yakamtoka.

"Nitajie jina!" nilimfokea. "Nani aliinua mkono? Nitajie, au utazikwa na tai hii!"

Glasi ya maji ikaanguka. Viti vikaburutwa. Mtu akapiga kelele kuita mlinzi.

Halafu nikasikia sauti ya shemeji yangu, mdogo wa marehemu mke wangu...

"Shem, muache! Muache baba wa watu! Aliyeinua mkono ni..."

Akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.



Ndugu zangu mnaosoma, nilizungusha macho meza nzima. Kila niliyemtazama aliinamisha uso.

Walikuwa wanajua. Wote! Mimi peke yangu ndiye nilikuwa sijui.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, msije mkaniona mwendawazimu.

Mimi ni fundi viatu. Meza yangu iko nje ya geti la chuo kikuu, upande wa kivuli. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkiona nimekosea herufi humu, nivumilieni. Nyie wenye madigrii rekebisheni kimoyomoyo.

Mke wangu alikuwa msimamizi wa jengo la kufulia la chuo. Mashuka ya mabweni, makoti meupe ya maabara, vitambaa vya meza vya wakubwa, vyote vilipita kwenye mikono yake. Wanafunzi walimwita Mama Povu. Alikuwa akitoka kazini, namnusa kabla sijamuona.

Halafu wafanyakazi wenzake wakamchagua awe mjumbe wao kwenye Baraza la Chuo.

Mimi nilicheka sana siku hiyo.

"Baraza? Wewe? Unaenda kuwafulia makoti yao?"

"Cheka tu, mume wangu," alisema huku anapiga pasi blauzi yake. "Baraza ndilo lenye chuo. Yule Makamu Mkuu unayemuona na gari lenye bendera anaendesha mambo ya kila siku tu. Akitaka kufunga idara, akitaka kujenga, akitaka kununua mtambo, akitaka kuachisha watu kazi, lazima aje kwetu tukubali."

"Kwetu! Sikieni huyo! Mwenye chuo, basi kaniletee kiti kimoja, benchi langu limevunjika."

Akanipiga na kitambaa. Tukacheka mpaka tukashikana mbavu.

Lakini moyoni sikuamini. Nilijua wanamkalisha pale kama ua la mezani, ili waonekane na wao wana mtu wa chini. Ninawajua hao. Viatu vyao vinapita mbele yangu kila kikao. Mtu ana kiatu cha ngozi safi, salamu hana.

Na kwenye jengo la kufulia kulikuwa na boila.

Kama hujawahi kuiona, ni pipa kubwa la chuma linalochemsha maji na kutoa mvuke wa kufulia na kunyooshea nguo. Ile ilikuwa kuukuu. Ilikuwa inakoroma. Fundi wa mitambo wa chuo aliikagua akasema wazi, hii izimwe, chuma kimechoka.

Haikuzimwa.

Baraza likakaa, likaamua iendelee mpaka mpya inunuliwe.

Mchana mmoja wafuaji wenzake mke wangu walikuwa uani wanaanika mashuka. Yeye alibaki ndani.

Nilikuwa mezani kwangu na kiatu mkononi. Nikasikia mlio. Nikaona moshi mweupe unapanda juu ya mapaa, mweupe kabisa, mzuri hata kuutazama...

Sikujua kuwa ninamtazama mke wangu akiondoka.

Msibani sikuruhusiwa kumuona uso. Shemeji alinishika mikono mlangoni. "Shem, baki na ile sura uliyonayo. Nakuomba."

Tangu hapo, nyumba yangu ina mtu.

Sicheki. Ina mtu!

Anakuja mchana, saa ileile boila ilipopasuka. Kwanza zinakuja ndala zake zilizolowa. Kwaa... kwaa... kwaa... kutoka mlangoni mpaka chumbani. Ukitazama sakafu, kavu.

Halafu harufu ya sabuni.

Halafu anakaa ukingoni mwa kitanda, amenipa mgongo. Nywele zinachuruzika maji. Mvuke unamtoka mabegani taratibu, kama nguo iliyotoka kunyooshwa.

"Geuka basi, mke wangu."

Hageuki.

"Nimekukosea nini? Geuka nikuone."

Hageuki!

Birika siwashi tena. Nikisikia maji yanaanza kuimba kwa jirani, natoka nje. Nakula chakula cha baridi, naoga maji ya baridi. Majirani wanasema fundi ameanza kuchanganyikiwa. Waacheni waseme, wao wakirudi nyumbani wanakutana na watu wenye nyuso.

Nikajiambia, huyu marehemu ana kitu anakidai. Anataka ijulikane nani alimfanyia vile. Siku nikilijua hilo jina, atageuka.

Nikaanza kuhangaika. Nikaenda kwa Makamu Mkuu wa Chuo.

"Pole sana, mzee. Lakini mimi nilipeleka suala Barazani. Uamuzi haukuwa wangu."

Nikaenda kwa Katibu wa Baraza, mwanamama mmoja nadhifu, sauti yake kama anakusomea mtoto kitabu.

"Baba, uamuzi wa Baraza ni wa Baraza zima. Nani aliinua mkono na nani hakuinua, hilo halitoki nje ya chumba."

"Kwa hiyo mtu akifa hakuna wa kuulizwa?"

"Linaulizwa Baraza."

"Baraza lina uso? Lina nyumba nikagonge?"

Akanisogezea glasi ya maji. Hao watu wana maji! Kila ukiuliza swali, unapewa maji.

Kumbe wakati nahangaika huko, kiti cha mke wangu kwenye Baraza kilishapata mtu. Wafanyakazi walimchagua mdogo wake. Ndiyo, shemeji yangu huyo huyo! Na yeye alikuwa mfuaji kwenye jengo lile.

Nikamwambia, "Shem, sasa uko ndani. Niulizie."

Akaanza kunikwepa. Nikimpigia, yuko kwenye kelele. Nikienda kwake, anaumwa kichwa. Nikasema aha, na huyu wameshampa maji.

Juzijuzi ikaja taarifa. Jengo jipya la kufulia limekamilika, lina boila mpya, na Baraza linataka kulipa jina la mke wangu. Nimealikwa kwenye kikao nitoe baraka za familia.

Shemeji akaja kwangu mbio, mtandio unamdondoka.

"Shem, usiende."

"Kwa nini nisiende?"

"Kubali jina, nitakupelekea jibu mimi. Wewe kaa nyumbani."

"Unaogopa nini?"

"Sikiliza... kuna vitu vikishajulikana havirudi ndani."

"Wewe unamjua aliyeinua mkono!"

Akaanza kulia. Akaondoka.

Nikavaa suti yangu ya harusi, nikaenda.

Mlinzi wa mlangoni ni mteja wangu. "Fundi, leo umependeza. Usiniharibie kazi humo ndani, eh? Na kiatu changu cha kushoto bado kiko kwako."

"Kiatu chako kitapona kabla yangu," nikamwambia.

Chumba cha Baraza, jamani, ni kizuri. Meza ndefu inayong'aa mpaka unajiona kidevu. Viti vyenye migongo mirefu. Wajumbe wamejaa, kuna wenye biashara zao, kuna maprofesa, kuna wa serikalini, kuna mwakilishi wa wanafunzi, na shemeji yangu mwisho kabisa wa meza.

Mwenyekiti ni mzee wa mvi, hakimu mstaafu. Chuo kizima wanamwita Mzee Taratibu, maana kila neno lake ni "tufuate taratibu".

Akasimama, akanipa pole. Akasema Baraza linatambua mchango wa marehemu. Akasema jina ukutani. Akasema herufi za shaba.

Na wakati anasema vile...

Kwaa... kwaa... kwaa...

Ndala! Mle ndani, kwenye zulia! Nikanusa sabuni. Nikageuka, sikuona kitu.

Akili ikanikatika. Nikavuka pembeni ya meza, nikamshika mzee wa watu tai.

Mengine mmeshayajua. Sasa turudi pale shemeji alipojiziba mdomo.

"Ni nani?" nilimuuliza. "Malizia, shem. Ni nani?"

"Shem, nakuomba tutoke nje..."

"Malizia!"

Akatoa viganja mdomoni. Machozi yakamshuka mpaka kidevuni.

"Ni dada."

Mkono wangu ukaiachia tai wenyewe.

"Dada gani?"

"Dada yangu, shem. Mkeo. Mikono ilikuwa sawa kwa sawa. Wa dada ndio uliozidisha. Asingeinua yeye, boila ingezimwa siku ileile."

Mimi ni mwanamume mzima. Nilikaa chini, kwenye zulia, na suti yangu ya harusi.

Nilikuja kutafuta jina la adui... nikapewa jina ninalolibembeleza kila mchana.

"Uongo," nilisema. "Yeye ndiye aliyekuwa anaisikia inakoroma! Ainue mkono iendelee?"

"Sababu ni mimi," shemeji alisema. "Mimi na wenzangu. Walisema boila ikizimwa, idara nzima inafungwa, nguo zinapewa kampuni ya nje, na sisi wote tunarudi nyumbani. Mimi ndiye nilimwambia jana yake, dada, tukifungiwa wanangu nitawalisha nini? Ningekuambiaje hilo, shem? Ungemchukia na amekufa!"

Mlinzi alikuwa ameshaingia. Mwenyekiti akamwashiria abaki mlangoni. Akanyoosha tai yake, akavuta kiti, akakaa karibu na pale nilipokuwa chini.

"Bwana," aliniambia, "shemeji yako amekuambia nusu. Nusu nyingine ni yangu."

"Mwenyekiti, taratibu za usiri..." Katibu akaanza.

"Leo ziache." Akanigeukia. "Kabla ya kura, mkeo aliomba kusema. Alisema, 'Mwenyekiti, mbona mnatupa njia mbili tu? Zimeni boila, na sisi tufue kwa mikono, mishahara iendelee mpaka mtambo mpya uje. Tutachoka, lakini tutakuwepo.'"

Nilimsikia kabisa. Hayo ni maneno yake, na pozi zake.

"Mkamjibu nini?"

"Tulimjibu kwamba hoja ile haimo kwenye ajenda ya siku hiyo. Kilichoandaliwa ni kufunga au kuendelea. Tulimwambia ailete mwishoni, kwenye Mengineyo."

Kwa wasiojua vikao, nilielezwa hivi. Wana orodha ya mambo ya kuzungumza. La mwisho kabisa linaitwa Mengineyo. Hapo ndipo vinatupwa vitu vyote ambavyo wakubwa hawakuviandaa.

"Basi tukapiga kura," mzee akaendelea. "Amefungiwa njia ya tatu, akachagua ile isiyowafukuza wenzake. Alitegemea kwenye Mengineyo ataomba tena, izimwe, na wafue kwa mikono."

"Akaomba?"

Mzee akatazama meza.

"Tulipofika huko mmoja ana ndege. Mwingine ana harusi. Mwingine simu inaita. Wakaanza kuchukua mikoba. Akidi ikavunjika... yaani wajumbe waliobaki hawatoshi kuamua kitu. Mkeo alikuwa amesimama, mkono juu, anasubiri nimpe nafasi. Nikagonga meza, nikafunga kikao."

"Alikuwa amesimama?"

"Amesimama."

"Na mlikuwa na uwezo wa kumpa alichoomba?"

"Tulikuwa nao. Baraza hili likikaa na kukubaliana, ni mambo machache sana kwenye chuo hiki hayawezekani. Lile lilikuwa dogo."

"Mlikuwa na uwezo wote huo, mkashindwa kukaa kwenye viti!"

Akainamisha mvi zile zote.

Jamani, mimi nina hasira na watu wa juu, na sitaacha. Lakini yule alilia. Machozi ya mzee hayatiririki, yanajazana kwenye makunyanzi yanabaki humohumo.

Wakanipa maji. Safari hii nilikunywa.

Baadaye Mwenyekiti akasema tupumzike kidogo, kisha kikao kiendelee, kuna mambo ya chuo. Wakarudi kwenye viti. Mimi nikasogezwa karibu na mlango, nisubiri jambo langu la jina liamuliwe.

Shemeji akanyoosha mkono. Uso wake bado umelowa.

"Mwenyekiti, kabla ya jina. Lile jengo jipya lina mlango mmoja tu. Na mlango wenyewe uko ubavuni mwa boila. Ikitokea kitu, tunatokea wapi?"

Katibu akafungua karatasi zake, akapitisha kidole.

"Hoja nzuri sana, mjumbe," alisema kwa ile sauti yake ya upole. "Kwa bahati mbaya haimo kwenye ajenda ya leo. Utaileta kwenye Mengineyo."

Na Mwenyekiti... mtu ambaye machozi yake hayajakauka...

Akatikisa kichwa kukubali.

Kwa mazoea tu! Wala hakujishtukia!

Wajumbe wakafunua ukurasa. Mmoja akachungulia saa. Shemeji akashusha mkono, akakaa.

Ndugu zangu, mimi nimekaa na marehemu chumba kimoja kila mchana, sijawahi kuogopa namna ile. Niliona kifo kinaingia mle ndani kwa adabu, kimevaa vizuri, kinafuata taratibu.

Sikupiga kelele. Sikumshika mtu tai.

Nilifunga mlango. Nikakaa chini, mgongo kwenye mlango, miguu nimeinyoosha.

"Mzee, unafanya nini?" Katibu akauliza.

"Nasubiri Mengineyo."

"Baba, wewe si mjumbe..."

"Najua. Endeleeni na kikao. Sitasema neno."

Mlinzi akanisogelea, akainama. "Fundi, nyanyuka basi, nitafukuzwa."

"Kaa na wewe hapa. Mlango ni mpana."

Hakukaa. Lakini hakunigusa pia. Alirudi kusimama pembeni, akawa anatazama dari.

Wakaendelea. Wakazungumza ada, wakazungumza mitaala, wakazungumza uzio. Ikafika saa yao ile ya kuchukua mikoba. Mwanamume mmoja mnene akachukua mkoba, akaja mpaka nilipo.

"Samahani, fundi, nina ndege."

"Pita juu yangu, mheshimiwa."

Akatazama miguu yangu. Akatazama ule mlango. Nyuma yake wenzake wawili walikuwa wameshasimama na funguo za gari.

"Pita tu. Mke wangu mlimpita, mimi ni nani?"

Hakupita. Akarudi kukaa. Na wale wawili wakakaa.

Mwenyekiti akavua miwani. Nadhani hapo ndipo alipojishtukia. Akamgeukia shemeji yangu, akasema:

"Tumefika Mengineyo. Wajumbe wote wapo. Mjumbe wa wafanyakazi, una nafasi. Sema mpaka umalize."

Shemeji akasimama, akasema. Mlango wa pili. Kengele ya hatari. Boila isiwashwe kabla hajaikagua mtu asiye wa kampuni iliyoiuza. Alisema mpaka akaishiwa, na hakuna aliyechungulia simu.

Wakainua mikono. Yote.

Jengo halifunguliwi mpaka mlango wa pili utobolewe.

Na lile jina? Walinigeukia wakaniuliza. Nikawaambia hapana. Herufi za shaba zitawafanya wajione wameshalipa.

Sasa wewe uliyesoma mpaka hapa.

Huenda hujui kama chuo chochote kina Baraza. Lakini labda uko kwenye kamati ya shule ya mtaa, au ya nyumba ya ibada, au ya chama cha akina mama. Wamekupa kiti na haki ya kuinua mkono. Unadhani madaraka ni kuinua ule mkono tu.

Madaraka ni pamoja na kubaki umekaa. Kikao kinapofika mwisho, una njaa, una foleni, na kuna mtu mmoja huko mwisho wa meza bado amesimama anasubiri aitwe... huyo ndiye uliyewekewa kiti kwa ajili yake.

Mimi sikumsamehe mtu. Sijui hata kama nimemsamehe mke wangu kwa mkono ule, na mchana bado anakuja, bado hageuki.

Ila kuna picha moja hainitoki, na huwa inanijia hata katikati ya kelele za getini, nikiwa na nyundo mkononi. Hainionyeshi boila wala moshi. Naona meza ndefu inayong'aa, viti vimesukumwa nyuma, vitupu, vingine bado vinazunguka taratibu. Na mwanamke mmoja amesimama, anaongea na viti.